Masega ya Lori Langu Nachagua Mimi

Baba watoto,

Maharage yako jikoni, yaongezee maji yasiungue. Mama yako apewe dawa akishakula, si kabla.

Nimepita nyumbani kuchukua kadi ya lori, na narudi gereji na hasira zangu. Yale masega ya ekzosi, yanayosafisha moshi, yamekufa. Niligundua mimi, maana lori naendesha mimi. Asubuhi fundi kanipita kama nguzo ya umeme, akakupigia wewe simu: "Mzee, tufunge haya madogo?" Na wewe, muuza vitambaa, ukajibu, "Funga tu, yote si moshi?" Simu ilikuwa kwenye spika, mume wangu. Nilisikia kila neno.

Hayo ni ya gari dogo! Lori likipanda mlima na mzigo, injini itakosa pumzi, nikwame peke yangu barabarani. Ulilifikiria hilo?

Nimemwambia fundi ayafungue. Akashika simu akuulize tena. Nikamwambia, "Mwenye lori ndiye huyu aliyesimama mbele yako." Akarudisha simu mfukoni, akasema, "Samahani mama. Lete kadi, tutafute yanayolingana na injini yako." Sasa tunakwenda naye dukani, na nachagua mimi.

Yeye ameomba samahani. Wewe bado.

~~Leo nalala kwa dada.~~ Nitarudi jioni. Fundi akipiga simu tena, mwambie, "Muulize mke wangu." Anza kujizoeza sasa hivi, kwa sauti, mama yako asikie.

Mama watoto