Kila Mtu Hana Jina

Dagoretti, Nairobi
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi hii ya milimani? Na yule ng'ombe, amezaa au bado anatuzungusha? Mimi mwili hauna neno. Kazi ipo, chumba ni kile kile, na mvua imegeuza njia yetu kuwa tope la kuvulia viatu. Moyo ndio uliokuwa na neno, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu wewe hulia, nami nikikusikia nasahau nilichotaka kusema, kisha salio linaisha tukiwa tunapenga kamasi wote wawili. Karatasi haikatiki. Vaa miwani, usome polepole.

Tangu uliponiambia kwamba Wakesho ameanguka kifafa shuleni mbele ya wenzake, sijatulia. Kuanguka kwenyewe nilikujua, maana aliwahi kuanguka hapo nyumbani. Kilichonichoma ni yale mengine. Kwamba mwalimu mkuu amesema akae nyumbani kwanza. Kwamba analala peke yake stoo, penye magunia ya mahindi. Kwamba ana sahani yake na kikombe chake ambavyo hakuna anayevigusa, kwa kuwa povu la kifafa linaambukiza. Mtoto wa miaka minane, Mama. Binti yangu. Nilipokuuliza kwa nini, ulinijibu, "Mghoi, mimi nampenda, lakini kila mtu anasema. Nipingane na kila mtu?"

Nisikufiche, nilikasirika. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia kaka Mwadime na kijiji kizima. Ni mimi niliyetolewa shule ili kaka amalize. Nikaja huku kufagia duka la vitambaa, nikajipandisha mwenyewe kutoka kwenye ufagio hadi ukarani wa stoo, wala sikumwomba mtu anishike mkono. Leo nina mtoto mmoja tu wa kuangaliwa, naye amewekwa pamoja na magunia? Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni. Sasa yamepungua, nami nitakueleza yalivyopungua.

Unajua kwamba nikitoka kazini nasomea cheti changu mjini. Muhula huu tuna somo la utafiti: jinsi ya kutafuta habari, kuipima, na kusema umeitoa wapi. Anayetufundisha ni Madam Nekesa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuwaamsha wanaosinzia kanisani. Alimwambia kila mmoja wetu achague jambo ambalo watu hulisema, akachunguze kama ni kweli. Wenzangu walichagua mambo ya bei na ya siasa. Mimi nilichagua povu.

Nikaenda saiba pale Adams Arcade, nikalipia saa nzima ya kompyuta. Nikapata kurasa tano za mtandaoni. Zote zilisema kifafa kinaambukiza kwa mate, na zote zilisema ipo dawa ya chupa inayokimaliza kabisa. Mama, nilizisoma mara mbili. Nikajiambia, basi, watu wa nyumbani walisema kweli, na mimi ndiye mjinga. Hata hivyo nilizichapisha, nikampelekea Madam.

Akazipanga mezani. "Mghoi, hizi ni ngapi?"

"Tano, madam."

"Nisomee mistari ya kwanza ya hii. Sasa ya hii. Na ya hii."

Maneno yalikuwa yale yale. Picha ilikuwa ya mwanamke yule yule anayecheka na chupa ile ile. Na chini kabisa, mahali pa kuagizia dawa palikuwa pale pale.

"Sasa ni ngapi?"

Kamau, anayeuza vipuri vya magari na ambaye hukaa nyuma yangu, akasema darasa lote lisikie, "Aisee, karani wa stoo amehesabu jora moja mara tano! Mdosi wako mwenye duka akijua, umeenda nyumbani!"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka, lakini iliniuma kwa sababu alisema kweli. Dukani, jora la kitambaa likitolewa rafu hii likawekwa ile, sithubutu kuliandika mara mbili. Mwenye duka, mama wa Kihindi anayeishi Parklands, alinifundisha hivyo wiki yangu ya kwanza, na tangu hapo hesabu yangu haijawahi kupishana na yake. Kumbe vitambaa vya watu navihesabu sawasawa, na jambo la mtoto wangu nimelihesabu kama mgeni.

Madam hakucheka. Darasa lilipokwisha alinivuta kando. "Hii si kazi ya darasa tu, sivyo?"

Nikamweleza yote. Akanipeleka maktaba yeye mwenyewe, akanifundisha kuihoji kila karatasi ninayoishika. Umeandikwa na nani? Amejuaje? Anauza nini? Na ni nani mwingine anayesema hivyo bila kukunakili wewe?

Basi nikaanza upya. Nikasoma kitabu cha madaktari kuhusu magonjwa ya ubongo, nikisaidiwa na kamusi. Nikasoma mwongozo ulioandikiwa wahudumu wa afya wa vijijini, wenye michoro, ambao hata wewe ungeusoma bila taabu. Kisha nikaenda kliniki ya hapa karibu, nikamngoja muuguzi hadi akamaliza foleni yake. Nilipomuuliza habari ya povu alinitazama kwa huruma. "Dada, mate yao yamenirukia miaka yote hii. Umeniona nikianguka?"

Hao watatu hawajuani, hawakunakiliana, na hakuna aliyekuwa na chupa ya kuniuzia. Wote wanasema jambo moja: kifafa hakiambukizi. Si kwa povu, si kwa mate, si kwa sahani, si kwa kulala kitanda kimoja. Kina dawa ya hospitali, na wengi wakiimeza kila siku bila kuruka hupata nafuu. Akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimbane, usimtie kijiko mdomoni, kaa naye mpaka azinduke. Ikipita dakika tano hajatulia, mkimbizeni hospitali.

Ningeishia hapo ningepata alama zangu. Lakini lile neno lako, kila mtu, halikunitoka. Kama kurasa tano zilikuwa ukurasa mmoja, je, kila mtu wa kwetu ni wangapi?

Nikanunua salio, nikaanza na kaka Mwadime. "Kaka, nani alikuambia povu linaambukiza?"

"Si kila mtu anajua?"

"Kila mtu hana jina, kaka. Nipe jina."

"Ah! Umesoma jioni mbili tatu sasa umekuwa polisi?" Akacheka, kisha akasema, "Aliniambia wifi yako."

Nikampigia wifi. Yeye ndiye aliyemwambia pia mwalimu mkuu, na hakuficha, kwa kuwa aliwahofia watoto wake. Alisikia kwa Mama Mwakio, jirani yetu, walipokuwa wakitoka mazoezi ya kwaya. Nikampigia Mama Mwakio. Unamjua, kabla hujamsalimu ameshakujibu.

"Mimi? Mimi nilisikia kwa mama yako, mwanangu! Ile siku ya kwanza mtoto alipoanguka. Nikasema, huyu alifanya kazi pale zahanati, hawezi kumtengea mtoto sahani bure."

"Alikuambia linaambukiza?"

Akafikiri. Nilimsikia anavyofikiri. "Alisema, 'Nitamtengea sahani kwa sasa, maana sijui huu ugonjwa unaambukiza au la, mpaka tumfikishe hospitali.' Ndivyo alivyosema, jamani."

Mama, nikaandika majina yote kwenye karatasi, na la mwisho lilikuwa lako.

Wewe hukusema uongo. Ulisema hujui, na ulikuwa na hofu, na ulitaka kuwalinda wajukuu wote. Lakini neno "sijui" lilianguka njiani. Mama Mwakio alibeba sahani tu, wifi akaongeza povu, kaka akalipeleka kwa wanaume, na liliporudi mlangoni kwako lilikuwa limekua, huwezi tena kulitambua. Ulimwogopa kila mtu, na kila mtu alikuwa wewe.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopungua. Nawezaje kumkasirikia mtu aliyesema hajui? Mimi mwenyewe nilidanganywa na kurasa tano, nami ndiye ninayejiita karani.

Sasa nakuomba uwe wa kwanza kulisahihisha neno hilo, kwa kuwa wewe ndiye wanayekuamini. Usiitishe mkutano. Mwite tu Mama Mwakio chai, Wakesho akae katikati yenu, mle chakula sahani moja, na umwambie muuguzi na kitabu cha madaktari wanasema povu haliambukizi. Hutakuwa na haja ya kumwambia mtu mwingine. Mwalimu mkuu tutamwendea mimi na wewe, na ule mwongozo wa michoro nimeutoa fotokopi ili asome mwenyewe. Mwenye duka amenipa ruhusa, nitapanda basi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na Jumatatu asubuhi tutampeleka mtoto hospitali kuanza dawa.

Nisalimie kaka Mwadime, umwambie polisi wake hana kinyongo. Nisalimie wifi, amejibu maswali yangu kwa ukweli na sitamsahau kwa hilo. Shangazi wa kule bondeni mwambie maharagwe yalifika, na Mama Mwakio msalimie sana, maana bila kumbukumbu yake ningekuwa bado natafuta.

Salamu za Wakesho sikuziandika, kwa kuwa haziwezi kusomwa, ni za kutendwa. Ukishasoma, usiku huo huo mtoe stoo, alale upande wako wa ukutani pale nilipokuwa nalala mimi, na umpe mgongo wako aushike. Akikuuliza kama haogopwi tena, usimwambie kila mtu anasema nini. Mwambie wewe unasema nini.

Ni mimi binti yako, ninayekuombea usingizi mwema,
Mghoi