Nyekundu za Jumatatu na Alhamisi

Habuba, nyanya yangu uliyenilea,

Leo ni Jumatatu na nimekunywa chai ya maziwa na mandazi mawili saa moja asubuhi, nimekaa kando ya kiti chako. Dawa nimemeza. Nakuambia mapema usije ukasikia kwa watu. Mpaka leo kula siku ya Jumatatu kunanishtua, na kila nikiuma andazi naangalia mlango kama utaingia na ule mdomo wako wa kukunja.

Arobaini yako imepita. Watu wa mtaa wetu wa Makina wamekula pilau, wamekuombea, wamerudi kwa shughuli zao. Mimi ndio nimebaki na maneno. Sikuwahi kukushukuru vizuri, maana ulikuwa hutaki. Ulikuwa ukisema asante ni ya wageni. Basi leo nichukulie mimi ni mgeni, unisikilize.

Nikushukuru kwanza kwa ile siku nilianguka mara ya kwanza. Nilikuwa darasa la saba, nimetoka kuchota maji, nikaanguka na mtungi wangu kwa njia ya kwenda Laini Saba. Watu walisimama mbali, si unajua vile wanasema, mate ya mtu wa kifafa yakikugusa na wewe umepata. Ukaja mbio buibui umeishika mkononi, ukakaa kwa matope, ukaweka kichwa changu kwa mapaja yako. Ulinifuta mate na kitambaa chako cha kichwa, halafu ukakivaa tena palepale, wote wakiona. Mimi sikumbuki kitu, niliambiwa na jirani. Lakini tangu siku hiyo hakuna mtoto wa plot yetu aliyekatazwa kucheza na mimi.

Ni kweli pia siku nyingine ulinitia mwiko mdomoni nisiume ulimi, na jino likavunjika. Hiyo nilikusamehe kitambo. Na subiri, nitakuambia hilo pengo linafanya kazi gani siku hizi.

Unakumbuka tulivyoingia kile kituo cha ubongo pale hospitali? Ulikataa kukaa. Ulidhani tutamkuta daktari mmoja, tukakuta chumba kina watu saba: Profesa, madaktari wanaosomea kazi, nesi, na yule dada wa utafiti na kompyuta yake. Ukauliza kwa sauti kama hawa wote wamekuja kunitibu ama kunitazama. Ardhi ingepasuka ningeingia. Profesa hakukasirika. Alisema, "Mama, hapa tunatibu, tunafundisha na tunachunguza, na kwetu ni kazi moja. Huyu kijana akikosea leo mbele yangu, kesho hatakosea mahali sipo." Ukamjibu kwamba mwenye kukosea akosee na kichwa chake, si na cha mjukuu wako. Walicheka mpaka nesi akatoka nje. Na waliponibandika zile waya za kupima umeme wa ubongo, ulisema nimefanana na nguzo ya stima ya Laini Saba, kila mtu amejiunganishia.

Tulienda hivyo karibu miaka miwili. Dawa zilibadilishwa, zikaongezwa, na bado nilianguka. Sasa hapo ndipo penye jambo langu, Habuba.

Dawa zilipochelewa kufanya kazi, uliweka nadhiri. Ulisema tutafunga Jumatatu na Alhamisi, wewe na mimi, mpaka Mungu aniponye. Tulikuwa tunafunga bila daku, tumeshiba chakula cha jioni tu. Dawa ya asubuhi tukaiacha siku hizo, na uliniambia kwa upole kabisa kwamba ni moja tu, na ya jioni ipo. Nilikupenda sana zile siku. Ulikuwa unaona njaa kwa ajili yangu na magoti yako yale yanauma.

Kisha Profesa akaanza kuzungumza juu ya upasuaji. Alisema kama dawa zimeshindwa, itabidi watafute ile sehemu ya ubongo inayoleta shida na waone kama inaweza kutolewa.

Mara iliyofuata ulikuja na tabaga, ile kawa ya ukindu ya kufunikia chakula, umeifunga kwa leso. Mimi nilijua hiyo tabaga kama ninavyojua sufuria zetu. Nilijua unaishona iwe yangu ya harusi, nifunikie chakula cha wakwe kama kila bibi harusi wa Kinubi. Na nilishakulalamikia kwamba hizo nyekundu umezimwaga ovyo, hazina mpangilio, wakwe watacheka. Hukunijibu. Kumbe ulikuwa unaanza mzunguko mpya kila mwezi ukiandama. Kila jioni ulishona kipande kimoja, siku nzuri ukindu wa manjano, siku niliyoanguka ukindu mwekundu. Ulimwambia Profesa hivyo mbele ya watu wote na mimi ndio nasikia kwa mara ya kwanza. Ulitaka aone vile naumia, asichelewe kama ni kupasua. Hukwenda pale kutafuta kosa la mtu.

Madaktari waliishika, wakaisifu, wakapitishiana. Ni yule daktari mwanafunzi, Wafula, uliyekuwa unamwita Mlingoti kwa urefu wake, aliyeibakisha kwa mapaja yake. Wenzake wakiongea mambo ya upasuaji, yeye anaizungusha polepole na kidole. Nilimsikia akihesabu kwa chini, akirudi nyuma kutoka kipande cha jana: nyekundu, siku mbili, nyekundu, siku tatu, nyekundu, siku mbili. Akaiweka mezani, akainua kichwa, akauliza, "Nyanya, Jumatatu na Alhamisi huwa kuna nini nyumbani?"

Niliangalia sakafu. Wewe ndiye ulijibu. Ulieleza nadhiri bila kuficha kitu, hata ulikuwa na fahari kidogo. Profesa akauliza, na ile dawa ya asubuhi? Ukasema ile anaiacha, moja tu. Halafu nikakuona ukielewa. Hukungoja uambiwe. Mkono wako ulienda juu ya tabaga ukafunika zile nyekundu, ukasema, "Ni mimi. Kumbe ni mimi namwangusha."

Sitasahau alichofanya Profesa. Alivuta kiti, akakaa goti lake kwa goti lako, akakuomba msamaha. Alisema kila tukija wanauliza kama nakunywa dawa kila siku, na hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kuuliza kama tunafunga. Akawaambia wanafunzi waandike kwamba kosa ni la kituo. Yule dada wa utafiti akaomba kupiga picha ya tabaga ili wengine wajifunze, akakusomea karatasi ya ruhusa neno kwa neno. Ukaweka kidole gumba, kwa sharti wasipige ule upande ulioliwa na panya.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sikukuambia ukiwa hai.

Mimi nilijua. Ile karatasi ndani ya pakiti ya dawa imeandikwa Kiingereza, wewe huisomi, mimi naisoma. Nilisoma mapema sana, imesema usiache hata kidonge kimoja. Na Profesa akiniuliza kama nakunywa kila siku nilikuwa najibu ndiyo, na moyoni najitetea kwamba si uongo, ya jioni nakunywa kila siku. Niliogopa kukuvunja moyo. Nilitaka pia nadhiri yako ifanye kazi, nilitaka iwe wewe umeniponya. Siku ile ulisema "ni mimi" mbele ya watu saba, na mimi niliyejua nikakaa kimya, nikakuacha uibebe peke yako mpaka kaburini. Nisamehe, Habuba.

Ulinibeba hata hapo. Hukunilaumu wala hukukataa kurudi kituoni. Ulienda kwa sheikh wa msikiti wetu, akakuambia mgonjwa ana ruhusa yake, na nadhiri ni ya aliyeiweka, mjukuu ale anywe dawa. Ukarudi ukasema sawa, basi nitafunga mimi. Na ulifunga. Kila Jumatatu na Alhamisi ulinipikia chai na hukuionja, ukasimama pale uhakikishe kidonge kimeshuka. Nyekundu zikapungua. Mzunguko mmoja ukawa na tatu, uliofuata moja, kisha ukatoka mmoja wa manjano mtupu. Uliuzungusha mzunguko huo mbele ya majirani wote mpaka nikaona haya. Habari ya kupasuliwa kichwa Profesa aliifunga.

Ulikufa Alhamisi baada ya Alasiri, umefunga, sindano bado iko kwa ukindu. Dada za msikiti waliokuosha walisema uso wako ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi.

Mambo yaliyobadilika ni haya, mengine yalianza ukiwa bado hai. Kwa kile kituo sasa kila mgonjwa anaulizwa kama anafunga, Muislamu kwa Mkristo, maana hata watu wa makanisa wanafunga siku zao na kunyamaza. Picha ya tabaga yako iko ukutani kwa chumba cha kufundishia, na Mlingoti ndiye anayewaeleza wanafunzi wapya. Anaeleza vizuri, isipokuwa anasema ulikuwa mpole. Na mimi wamenichukua kujifunza ile mashine ya waya, nguzo ya stima imekuwa fundi stima. Mwalimu wangu anasema nina mkono mwepesi, nikamwambia nimelelewa na mshonaji.

Mara moja kwa mwezi tunaenda Kawangware, ule mtaa wanaouita Kongo, tunafungua kliniki kwa ukumbi wa kanisa. Wamama wanakuja na watoto wao, wengine wamewaficha kwa shuka. Nesi anawafundisha: mtu akianguka mlaze ubavu, mtolee vitu vya kumuumiza, usimtie kitu mdomoni. Hapo ananiita mimi. Nasimama mbele, nacheka nao, naonyesha pengo langu. Nawaambia hii ni alama ya mwiko wa mtu aliyenipenda kuliko wote. Hakuna anayesahau somo hilo. Mwezi uliopita mama mmoja, Mama Brayo, alikuja amebeba kipande cha bati alichokitia alama za makaa, siku zote ambazo kijana wake alianguka. Alikuwa anaona haya kukitoa. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakaa naye chini, tukaanza kuhesabu.

Tabaga yako ninayo. Shangazi alitaka tuufunge ukingo ibaki ulivyoiacha, nikakataa. Nashona mimi kila jioni. Kipande changu kimepinda, utanisamehe.

Wiki ya tatu baada ya kukuzika nilianguka. Usingizi ulikuwa umenikimbia siku nyingi na kulia kumenichosha. Nilikuwa peke yangu ndani, hakuna aliyeona. Jioni nikakaa na tabaga. Mzunguko wote ulikuwa wa manjano tangu wewe uko hai, Habuba, ulikuwa unapendeza. Na nilijua nikisema kituoni hawataniacha niguse mashine peke yangu. Nilichukua manjano. Nilishona nusu ya kipande, nikakumbuka mkono wako pale mezani ukifunika zile nyekundu. Nikafumua.

Kesho yake nilimwambia Profesa, na nilimwambia na ile habari ya karatasi ya Kiingereza pia. Akasema nitakaa miezi mitatu nikifanya kazi na mtu kando yangu, halafu tutaona. Akaniuliza kama nimekula. Hiyo miezi mitatu nimekubali, na Kongo bado naenda.

Kwa hivyo nyekundu iko, iko karibu na ukingo, mtu akiingia mlangoni anaiona. Nakuahidi sitaficha hata moja, kwako wala kwa mtu anayejaribu kunisaidia. Pumzika sasa, nadhiri yako umeitimiza, na Alhamisi hii chai nitaipika mwenyewe.

Umeniachia fungu kubwa sana la ukindu mwekundu. Niombee nizeeke nalo likiwa limebaki karibu lote.

Mjukuu wako,
Zulfa