Plasta Zangu Hazifiki Jukwaani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijavunja undugu. Jumamosi iliyopita fundi anayewashonea mavazi wachezaji wa kundi la ngoma la dada yangu mdogo aliniambia, pini zikiwa mdomoni, "Kaka, usiache kuja, zile plasta anazobandua dada yako nyuma ya pazia ndizo ninazoshikizia nguo ukutani," nikacheka nikidhani ni utani, kumbe akavuta droo akanionyesha, zote zangu, na mimi kazi yangu ni kuhudumia viungo vya wachezaji wa timu ya mpira, nimewafunga mabeki wakarudi uwanjani wakamaliza mechi, sasa huyu wa tumbo moja nami, tunamwita Springi kwa sababu tangu utotoni hatulii, ameshateguka kifundo cha mguu mara mbili na daktari amemwonya kwamba akiteguka tena huenda asicheze tena, kwa hiyo kila onyesho namlaza mezani, nafunga mguu mpaka unakakamaa kama ubao, anashuka anatembea kama bata, namwambia hapo ndipo imeshika, ananijibu "Ahsante kaka" kwa adabu zote, nami nakimbilia timu yangu, yeye anazunguka pazia anabandua. Nilipombana alisema tu, "Kaka, wewe nenda kwenye mpira wako." Iliniuma. Mazoezi yao ya mwisho ni Jumatano saa kumi jioni, onyesho kubwa Jumamosi. Nimwambie mama, ambaye najua atamkataza kucheza kabisa, au nikae pembeni nimwache aumie?

Kaka Aliyedharauliwa

Kaka, pole. Mtu anayemhangaikia mdogo wake kila onyesho si wa kufanyiwa hivyo. Lakini dharau sijaiona katika barua yako. Nimeona bata. Umeandika mwenyewe kwamba anatembea kama bata, na ukafurahi. Sasa niambie, bata huyo atasimamaje kwenye ncha za vidole?

Nilimpigia simu mtaalamu wa viungo anayehudumia wachezaji wa jukwaani. Nilipomsomea habari ya meza, alicheka. "Huyo amemfunga beki," alisema. Beki amevaa kiatu, anataka kifundo kisigeuke, basi. Mchezaji wa ngoma yuko peku. Naye anataka kisigeuke, lakini lazima ainuke, aruke, atue. Mguu ukikakamaa, kishindo kinapanda gotini. Na plasta iliyopita chini ya unyayo, juu ya mbao na jasho, inateleza. Dada yako alibandua ili asianguke.

Kosa lake ni kunyamaza. Springi, kama unasoma hapa, hiyo "Ahsante kaka" yako inaweza kukuvunja mguu. Kosa lako wewe ni kwamba umemfunga mara zote hizo na hujawahi kukaa ukamtazama akicheza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mama mwache na shughuli zake. Plasta ile ngumu iache kwa mabeki, chukua inayovutika. Mwambie asimame, ainuke kwenye vidole, akuonyeshe ni wapi mguu unataka kumtoroka. Hapo ndipo pa kufunga, upande wa nje, unyayo na mbele ya kifundo ukiviacha wazi. Kisha acheze ngoma nzima mbele yako. Akisema panabana, kata. Akisema pamelegea, anza upya, bila kununa. Kama pamevimba au anaumwa akitua, plasta haimlindi: arudi kwa daktari, na Jumamosi acheze mwenzake. Kama haumwi, mabeki wako wamekufundisha nusu ya kazi, na nusu nyingine anayo yeye miguuni.

Timu ya mpira itakuvumilia siku moja, na fundi wa mavazi mwambie atafute pini za kutosha. Jumatano, saa kumi jioni: fika wa kwanza, na mkasi wako, uondoke wa mwisho.