Karatasi ya Namba Saba

Mpendwa Babu,

Nimebandua karatasi ya namba saba. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Ninakuandikia kwa furaha, Babu! Ngoja nikueleze taratibu, maana ulikuwa ukinitania kwamba siku nikianza kuongea nitamaliza maneno yote ya Bujumbura.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa barazani Mutakura, wewe na kasha lako la santuri, mimi na kikombe cha gundi? Nilikuwa na miaka sita. Unga wa muhogo kijiko kimoja, maji ya moto, koroga mpaka ivute. Karatasi ya santuri ikichakaa, ulikata nyingine ya duara kutoka kwenye mfuko wa saruji, tukaibandika juu ya ile ya zamani. Jina la wimbo na la mwimbaji yakabaki chini, juu ukaandika namba tu. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Mupiga santuri mwenye anaonyesha jina, kesho wimbo wake uko kwa wapinzani Buyenzi." Kisha ukanitazama. "We hauongeaki. Ndiyo maana minakupa gundi."

Klabu Kaskazini, ukumbi wenu wa dansi, niliijua kwa mdomo wako, kwa sababu ilifungwa kabla mama hajaolewa. Ilikuwa kila Jumapili mchana, wengine wametoka kanisani, wengine wamekuja kutoka Buyenzi baada ya swala ya adhuhuri. Mlimwaga poda ya watoto sakafuni ili viatu viteleze, nawe ukapiga muziki wa soul wa Marekani, zile nyimbo za mbio ambazo hata kwao hazikuwahi kuvuma. Namba saba ilikuwa ya mwisho kila mara. Ulisema watu walikuwa wakivua makoti kabla haijaanza.

Leo ukumbi ule ni ghala la vitunguu. Vijana wa mtaani hawajui kwamba babu zao waliwahi kuruka pale na kuanguka magoti. Mtu mmoja tu ndiye hajawahi kuacha kuuzungumzia: Mzee Rajabu, mpiga santuri wa Buyenzi, mpinzani wako. (Jina lake nimelibadilisha kidogo, isije barua hii ikasomwa na mwingine.) Kila Idi alikuletea sahani ya sambusa na swali lilelile.

"Rafiki, sasa tumezeeka. Namba saba, nani aliimba?"

"Kula sambusa zako," ulimjibu, kila mwaka. Mimi nilikimbilia uani kucheka.

Tangu ututoke, anakuja kuniuliza mimi.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita nilimaliza shule, na wiki ileile nikasikia kwamba ukumbi utakatwa vyumba vya maduka. Mimi, ambaye mwalimu aliita jina langu mara tatu ndipo nikanyanyua kidole, nilikwenda peke yangu kwa mwenye ghala.

"Unataka nini, mutoto? Kitunguu kilo ngapi?"

"Ukumbi," nikasema. "Jumapili moja. Mchana."

"Ya kufanya nini?"

"Kucheza."

Alicheka mpaka akashika meza. "Ego, sawa! Lakini vitunguu mutavihamisha weye na wachezaji wako."

Tulivihamisha, Babu! Wazee wenzako walikuja na fimbo zao, wakaburura magunia huku wakitukanana kwa majina ya ujana. Mzee Rajabu akanivuta pembeni. "Mi macho inaniacha," akasema. "Ukumbi nao unaenda. Uniambie jina, moja tu, halafu nipumuzike." Nilimwonea huruma. Nikamwahidi.

Kwa hiyo Jumamosi, kila mtu akiwa sokoni, niliweka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu ya namba saba, nikangoja. Karatasi zikatoka moja baada ya nyingine, kwanza ile niliyoibandika mimi, kisha zako za zamani. Chini kabisa likatokea jina la mwimbaji. Na juu ya jina hilo, kwa wino wa buluu, mtu alikuwa ameandika: *Mbaya. Isipigwe. Rajabu.*

Nilikaa chini. Nikakumbuka ulivyonisimulia kwamba alikuwa akinunua santuri bandarini, anaweka sindano, anasikiliza kidogo mwanzoni, na zisizomchangamsha anakutupia wewe kwa dhihaka. Namba saba huanza na ngoma peke yake, polepole, kama mtu anayepanda ngazi amechoka. Aliinua sindano kabla ya ngazi kwisha, asiusikie wimbo wenyewe!

Babu, nisamehe. Miaka yote nilidhani ulificha jina kwa uchoyo. Ungeweza kuonyesha maandishi yale Jumapili yoyote, ukumbi mzima umcheke mpaka leo. Wewe ukakata karatasi, ukayafunika.

Nilikoroga gundi nikaifunika tena. Na jana niliipiga! Poda, harufu ya vitunguu, jua likipita kwenye matundu ya bati, wazee ishirini wakingoja ngoma ile ipande ngazi. Ilipolipuka nilijikuta katikati, ninazunguka, mimi! Hakuna aliyeniomba.

Wimbo ulipokwisha, Mzee Rajabu alinisogelea na sahani yake ya sambusa. "Mutoto, uliniahidi."

Jibu lilitoka lenyewe. "Kula sambusa zako."

Alinikodolea macho. Kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Yoo! Huyu ni yeye kabisa! Rudisha sindano, mutoto, rudisha!" Na akacheza, Babu, hakuwa na haja ya kupumzika hata kidogo.

Ahadi nimeivunja, najua, na sijutii. Nilikukosa sana jana, lakini kwa mara ya kwanza nilikukosa huku ninacheka. Lala salama. Kasha nitalitunza mimi.

Nawe mwingine uliyeisoma barua hii, ukipita Buyenzi ukakutana na mzee wa kofia ya ukili anayeuliza nani aliimba namba saba, tafadhali, usimwambie ulichokisoma hapa.

Mjukuu wako,
mkoroga gundi