Sinia la Reli na Mota ya Jang'ombe

Jumatano, 17 Februari 1971

Daftari langu, niwie radhi. Sikukufungua tangu mwezi wa Ramadhani. Sina udhuru wa maradhi wala wa safari. Ni aibu tu. Mtu hapendi kuandika sentensi moja kila siku: leo pia halikuzunguka.

Leo nina la kuandika. Mota imefika!

Nahodha, fundi wa umeme, ameileta kwa gari la ng'ombe, imefunikwa gunia kama maiti wa barabarani. Ni ya kuazima – mota ya akiba ya mashine ya maji ya Jang'ombe. Ndugu Matar, mwenyekiti wa kamati yetu, ndiye aliyeiomba. Akiba ni akiba, amesema, imekaa bure. Nikamwuliza: na ile inayofanya kazi ikifa? Akacheka. "Maalim, wewe unawaza misiba tu."

Naam, nawaza misiba. Imenizoea.

Nitaandika wazi, nisije nikajidanganya baadaye. Gari la moshi la makumbusho haya ninayoyatunza liliuzwa kitambo. Mabehewa yameoza. Kilichobaki uani ni sinia. Ndivyo watu wa reli walivyoliita: duara la chuma na mbao, limekalia mhimili mmoja katikati ya shimo. Gari lilipanda juu yake, watu wakalisukuma mpaka likageuka, likarudi lilikotoka. Marehemu baba alikuwa mmoja wa waliosukuma. Bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto mpaka siku tuliyomwosha.

Wageni wa Serikali watakuja Jumanne, tarehe 2 Machi. Sharti la kamati ni moja: lizunguke kwa umeme mbele yao. Lisipozunguka, litakatwa, chuma kiende kuyeyushwa, shimo lifukiwe kwa kifusi.

Sharti hilo silichukii. Hata mimi nimetamani kuliona likizunguka bila ya bega la mtu.

Jumamosi, 20 Februari 1971

Kificho amemaliza mbao. Huyu ni fundi wa vyombo vya baharini kutoka Nungwi. Nilimwita mimi, kwa sababu maseremala wa mjini hawawezi kupinda ubao mnene. Kazi yake safi. Ulimi wake si safi.

Siku nzima analiita sinia "chombo". Nimemsahihisha mara tatu. Ya nne akanijibu: "Maalim, kina mbao, kina misumari, kina mkuku wa kukibeba chini, na nyinyi mnataka kiende. Si chombo hicho?" Nahodha akacheka mpaka akaangusha spana shimoni.

Baada ya alasiri aliniita niteremke nitazame upande wa chini. Amepaka deheni pote – chokaa na mafuta, kama wanavyopaka vyombo vyao. Kumekuwa kweupe kama yai. Hapana ufa, hapana pengo. Nikamwambia: ahsante, kazi ya mtu mwenye adabu.

Nimeandika maneno hayo kama nilivyoyasema.

Jumanne, 23 Februari 1971

Siku mbaya.

Nahodha alifunga mkanda, akawasha swichi. Mota ikanguruma. Sinia halikutikisika. Akaongeza. Mkanda ukalia, ukafuka moshi, kisha ikaja harufu – kama nywele zinazoungua. Nikapiga kelele: zima! Akazima. Nadhani alichelewa.

Tukateremka na taa. Mhimili umekaa ndani ya kikombe cha chuma, na baina yao pana nafasi ndogo ya kutia grisi. Nafasi hiyo ndiyo uhai wa kitu kizima. Haikuwapo! Kificho ameikalafati. Ameishindilia pamba kwa nyundo, mzunguko mzima, kisha akapaka deheni juu yake. Magurudumu ya pembeni vilevile. Deheni imekauka, imekuwa jiwe.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini amefunga mlango usiku. "Maalim, mimi nimefundishwa na baba yangu, na yeye kafundishwa na babu. Fundi wa chombo haachi pengo. Pengo moja, watu wanakufa."

"Hiki hakiendi majini!"

"Na mvua ya masika ikijaa humu shimoni? Na wewe uliteremka, ukatazama, ukaniambia ahsante."

Kweli. Niliteremka, nikatazama. Niliona weupe.

Nahodha ameifungua mota. Amesema koili zimeungua upande mmoja. Haikufa, lakini ana shaka nayo. Nimemkataza asimwambie mtu mpaka tukishaikwangua deheni.

Jumatano, 24 Februari 1971

Kukwangua. Patasi, maji ya moto, mafuta ya taa. Kificho upande mmoja, mimi upande wa pili. Vidole vyangu havishiki kalamu vizuri.

Ijumaa, 26 Februari 1971

Baada ya sala nilikwenda Jang'ombe kumtazama ndugu yangu mdogo, Mwanapili. Nilimkuta hayupo. Jirani akaniambia: yuko kwenye foleni ya maji.

Foleni! Mashine yao ya maji imekufa tangu juzi. Mfereji wa bomba unatoa upepo. Watu wote wamehamia kisima kimoja cha zamani, na kamba yake inagombaniwa. Nikamwona anarudi na debe kichwani, kanga imelowa bega moja. Mwanamke wa umri wake, magoti yale!

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona wewe? Vijana wako wapi?"

"Vijana wamepigana kisimani, wamefukuzwa. Sisi wazee tunapishwa." Akacheka, kisha hakucheka tena. "Kulikuwa na mota ya akiba, kaka. Wameifuata stoo, haimo. Wanasema kaichukua mkubwa mmoja avutie maji ya bustani yake. Wallahi, huyo aliyeichukua, Mungu amkaushe koo kama anavyotukausha."

Mkamwana wake akaitikia amina. Jirani akaitikia amina.

Na mimi nilikuwa nimekaa juu ya kitanda cha kamba, gilasi ya maji mkononi. Maji yao ya kisimani. Nilikunywa, kwa kuwa kukataa kungekuwa jeuri. Nikairudisha gilasi tupu.

Maisha yangu yote nimewafundisha watoto wa watu kwamba sentensi isiyotimia si sentensi. Leo hata neno la mwanzo sikulipata.

Jumapili, 28 Februari 1971

Mhimili umesafishwa. Grisi imetiwa. Mota haikuwashwa – Nahodha anaogopa, nami naogopa zaidi.

Kificho alikuja asubuhi na watu wa kwao, jamaa waliokuja mjini kununua misumari. Akasema: kwetu chombo kikikataa, hatukitukani, tunakishua kwa mabega kama kinavyoshuliwa majini. Wakavua mashati, wakaweka mabega kwenye mapao, ile miti ya kusukumia. Mmoja akaanza wimbo wao wa kushulia, wengine wakapokea. Kificho akanigeukia. "Maalim, weka bega na wewe! Si chaki hiyo, haivunjiki!"

Niliweka.

Lilikwenda. Kwanza kidogo, kwa mlio wa mchanga. Kisha likaachia – likawa jepesi! Lilizunguka mzunguko kamili, likakaa reli kwa reli. Watu wakapiga vigelegele kama wanawake. Bega langu la kulia liliuma, nikalishika, nikamkumbuka mtu.

Nikaona nimepata njia. Mota irudi Jang'ombe leo leo, na Jumanne sinia lisukumwe kwa mabega na wimbo, kama lilivyokuwa. Nikampelekea habari Ndugu Matar. Akaja mwenyewe. Walimsukumia mara ya pili. Alitazama mpaka mwisho, mikono nyuma.

Nilidhani atanikemea. Hakunikemea. Alisema polepole: "Maalim, baba yako alisukuma hiki?"

"Ndiyo."

"Wangu alichukua magunia ya karafuu bandarini. Sasa unataka nikawaonyeshe wageni watu vifua wazi wanasukuma chuma cha Mwingereza, wanaimba? Watu wa nchi hii wamesukuma vya kutosha. Kwa umeme, au kikatwe."

Ubaya wake ni kwamba anasema kweli.

Nikamwambia habari ya maji. Anaijua. Amesema watu wa Jang'ombe watastahimili mpaka Jumanne jioni. Wageni wakishaondoka, mota itarudi. Nikamwambia imeungua upande. Hiyo alikuwa haijui. Akatazama saa yake. "Basi hayo ni yako na fundi wako. Mimi sikusikia."

Akaondoka. Kificho akatema mate, akasema mkubwa huyu angekuwa chombo, angekuwa amekalafatiwa masikio. Hakuna aliyecheka.

Jumatatu, 1 Machi 1971

Wakataji wa chuma wamekwisha kuja. Wameegesha mitungi yao ya gesi ukutani, nje ya lango. Wametumwa wangojee, wamesema. Kesho ikiwa hapana kazi watakwenda zao. Watu wa adabu. Wameomba maji ya kunywa, nimewapa.

Nahodha ameipima mota tena. Maneno yake, kama alivyoyasema: ikipelekwa leo kwenye mashine ya maji, itavuta, polepole, lakini itavuta. Ikilizungusha sinia kesho, huenda ikalizungusha. Huenda ikafa hapohapo, mbele ya wageni, na Jang'ombe wakae bila ya maji mpaka ije nyingine kutoka ng'ambo.

"Na wewe ungefanya nini?" nikamwuliza.

"Mimi fundi tu, Maalim. Ukisema nifungue, nnafungua, gari la ng'ombe liko pale. Ukisema nikaze, nnakaza. Lawama zako."

Nilikuwa bado nafikiri alipoingia Mwanapili langoni, ndoo mbili, na mkamwana wake nyuma. Amesikia kwamba mfereji wa uani kwetu unatoa. Ametoka Jang'ombe kwa miguu, katika jua hili! Alinisalimu, akakinga ndoo ya kwanza, akakaa juu ya ukingo wa shimo kupumzisha magoti. Akalisifu sinia. Amesema limekuwa zuri, baba angelifurahia. Akapapasa pao moja kwa kiganja, pale palipolika.

Kisha akaiona mota.

"Mashine gani hiyo, kaka?"

Nahodha alikuwa amechuchumaa kando ya mota, spana iko kwenye nati. Hakumgeukia. Akanitazama mimi. Mfereji ukawa unamwagika juu ya ndoo iliyojaa, wala hakuna aliyekwenda kuufunga.

Nikasema ninaingia ofisini mara moja, kuchukua miwani.

Miwani ninayo usoni. Ninaandika mistari hii nimesimama, daftari juu ya kabati. Dirishani nawaona wote wawili. Yeye bado amekaa ukingoni, mkono wake juu ya pao la baba. Nahodha hakuondoa spana. Maji bado yanamwagika – nayasikia.

Ameniita. "Kaka! Mbona hujanijibu?"

Naam, nakuja. Nikishamjibu yeye, fundi atakuwa amejua la kufanya: kufungua au kukaza. Hapo ndipo nitakapoandika.