Gadi wa Treni Ndani ya Sinema

Mwenzangu, ujumbe huu usimwonyeshe mkeo. Nimeumbuka mbele ya mkwe wangu, yule mwalimu mstaafu, baba yake mke wa mwanangu. Tumetoka sinema sasa hivi.

Unanijua, nilitaka anione mtu wa akili. Tangu filamu ianze nikawa nakosoa tu. Joka linazungumza? "Uongo!" Watu wanatembea juu ya jua bila kuungua? "Mkwe, mtu aliyesoma hawezi kumeza haya." Yeye anatafuna bisi zake tu.

Mara chombo cha angani kikaanza kuondoka. Mlango wazi! Mtoto ananing'inia, mguu mmoja nje, na hakuna anayemwona.

Bwana wee, ugadi wetu wote wa treni ukanipanda kichwani. Nilisimama. Nakwambia nilisimama! Nikainua mkono kama tulivyokuwa tukimsimamisha dereva wa treni, nikapiga mbinja ya vidole viwili. "Simamisha! Kuna mtoto mlangoni!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mmoja nyuma akasema, "Babu, dereva hakusikii, yuko mwezini!"

Nikakaa, jasho linanitiririka. Nikajua heshima yangu kwa mkwe imekwisha leo. Nikamgeukia nimwombe radhi.

Mwenzangu, mwalimu kajifunika uso kwa kofia, bisi zote zimemwagika chini. Akaninong'oneza, "Mkwe, kimesimama? Mtoto amepona?"

Nikamwambia, "Bado, mkwe. Nishike mkono."

Tukashikana mpaka taa zikawashwa.