Kilo ya Mama Mukwe

Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa ine 1993

Mushiya, bibi yangu,

Redio ya misioni ilisema mulifika Kananga bazima, wewe na mama yako. Nilikaa chini, nikalia na furaha. Kuku yako imetotoa. Nyumba ya baba yako pale mutaa wa Manika, usiniulize namna banaiharibu.

Ile ndege yenu ilipanda kwa shida sababu ya mi. Unajua kazi yangu ku kiwanja ya ndege: kupima bantu na mizigo, ndege isibebe kupita nguvu yake. Mama akafika ku mizani amevaa bitenge yake yote, siku ile banafukuza Bakasai, bantu ba Kasai kama ninyi, hapa Kolwezi. Naweza kumuambia mama mukwe, "Panda, nione uzito"? Nikageuza macho, sababu kwetu mukwe haangalie mama mukwe, nikaandika tu kilo makumi sita. Kisha nikaona haya kupima bengine wakati yeye sikumupima, nikakisia bote.

Ripoti ya ile kosa nilipeleka mi mwenyewe ku bakubwa ba ndege. Inspekteri akasoma, akacheka: "Tata Ngoy, tunapatia azabu ule anaficha, ao ule anafanya makusudi. Wewe ulijitaja. Rudia ku kazi."

Siku mutarudia, wewe ndiye utapima mama. Mi nitageukia ukuta.

Bwana yako,
Ngoy